Ukuta, Pazia, na Projekta ya Pili



Mwezi uliopita watatu kati yenu walifika nyumbani kwangu Katuba, jua likikaribia kutua. Walikaa barazani, na baada ya salamu wakanionyesha picha katika simu. Ilikuwa picha ya projekta ndogo nyeupe, yenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, na chini yake bei: dola 80. Kikundi chao kilikuwa kimekusanya dola 95 kwa muda wa miezi saba, kwa kuuza maandazi na kuosha magari, na sasa walitaka kutazama filamu pamoja siku za Jumamosi bila kwenda kulipa kwenye vibanda vya video. "Papa mwalimu," akasema mmoja wao, "imeandikwa lumeni 12,000. Si itatosha?"

Sikumjibu mara moja. Niliingia ndani, nikapanda juu ya kiti, nikashusha kutoka kabatini sanduku la karatasi ngumu ambalo mke wangu ameniomba mara nyingi nilitupe. Juu yake kumeandikwa: lumeni 9,000. Nikaliweka mbele yao. "Hii niliinunua mimi," nikawaambia, "nikiwa mtu mzima, tena mwalimu." Tulizungumza hadi saa mbili za usiku, na walipoondoka wakaniomba niyaandike yale tuliyosema, kwa ajili ya wenzao ambao nao wana fedha kidogo na hamu kubwa. Ninayaandika kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Projekta ile ya kwanza niliinunua kwa dola 85. Televisheni yetu ilikuwa imeungua usiku mmoja ambapo umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na taa mbili zikapasuka pamoja nayo. Ningeweza kununua televisheni nyingine ndogo ya mtumba. Lakini nyumbani tunaishi na mama yangu, ambaye ana umri wa miaka karibu 80 na macho yake yamedhoofika. Jicho moja lilipasuliwa, la pili bado lina ukungu. Mbele ya televisheni alikuwa akigeuza kiti chake upande na kusikiliza tu, kama mtu anayesikiliza redio. Nikawaza: picha kubwa kama ukuta, hata yeye ataiona.

Tena mama ni mtu wa sinema kutuzidi sisi sote. Alilelewa katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, wakati mji huu wa Lubumbashi ulipoitwa bado Elisabethville, na kampuni ilikuwa ikiwaonyesha wafanyakazi na jamaa zao filamu jioni, nje, mbele ya kitambaa cheupe. Hata leo huwasimulia wajukuu juu ya Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa filamu alizozitengeneza Padri Albert Van Haelst kule Kasai katika miaka ya 1950. Husimama na kuonyesha jinsi Matamata mnene alivyotembea, na watoto hucheka hadi machozi, ingawa hawajaona filamu hata moja kati ya hizo.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu wakati ule. Tunayo video ya arusi ya dada yangu mkubwa, iliyopigwa mwaka 1996. Humo yumo baba yetu, akitembea, akiketi, akisimama kutoa neno kwa wageni. Baba alifariki miaka mitatu baadaye. Picha zake za karatasi tunazo nne tu, na katika zote amesimama wima, mikono chini, kama mtu anayengoja kuhojiwa. Video ile ndiyo pekee ambamo anaishi. Kaseti yenyewe ilikuwa imeanza kuota ukungu, lakini fundi mmoja aliwahi kuinakili kwenye diski, na kutoka diski mwanangu akaihamishia kwenye kle ya USB. Nilitaka mama amwone baba.

Jumamosi ya kwanza tulizima taa, nikaelekeza projekta kwenye ukuta wa sebule, picha ikajaa ukuta mzima, mita tatu kwa upana. Watoto wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilifurahi kwa dakika kumi. Baadaye nikaanza kukubali kile nilichokuwa nikikiona: sura za watu zilikuwa kama zimefunikwa kwa mfuko wa unga. Penye usiku palikuwa kijivu. Maandishi ya chini hayakusomeka isipokuwa katikati ya picha, maana pembeni yalififia. Tulipoweka video ya arusi, nikamwuliza mama, "Unamwona baba?" Akasema, "Ndiyo, mwanangu, ninamwona." Kila mara tulipomwuliza, jibu lilikuwa hilo hilo. Ilipita miezi mingi hadi binti yangu wa pili alipomwuliza, "Nkambo, babu ameshika nini mkononi?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ninyi ndio mnaojua."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa ameona kitu. Alikuwa akituonea huruma.

Usiku ule sikulala vizuri. Katika kopo la akiba tulikuwa na dola 220, zilizotengwa kwa ajili ya mabati ya paa upande wa jikoni, ambao ulikuwa ukivuja. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi na ukavu, na mvua kwetu hurudi mwezi wa Oktoba, kwa hiyo nilijishawishi kwamba nina nafasi: ninunue kwanza projekta nzuri, na mabati yatajipatia njia. Asubuhi nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, mvua haitakuja kutazama filamu." Nikajitetea kwa ajili ya mama. Akaniuliza swali moja ambalo, kama mwalimu, nilipaswa kujiuliza mimi kwanza: "Unajua kwa hakika kwamba ubaya uko kwenye chombo?"

Sikujua. Tukapatana: nitumie dola 30, si zaidi, kutafuta ubaya uko wapi. Mabati yatanunuliwa Septemba. Baada ya hapo tutaona.

Nilimtafuta fundi anayetengeneza mashine za ofisini, mtu asiye na maneno mengi, naye alikuja na kipimo cha mwanga mfukoni. Alinifundisha jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alishike kabla ya kutoa hata dola moja. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye lenzi. Kuna namna iliyokubaliwa na mataifa ya kuupima: picha nyeupe hugawanywa katika sehemu tisa, mwanga hupimwa katikati ya kila sehemu, wastani wake huchukuliwa na kuzidishwa kwa eneo la picha. Lumeni zilizopimwa hivyo huandikwa "ANSI" au "ISO" kando ya hesabu. Lakini hakuna anayemzuia mtengenezaji wa vifaa hafifu kuandika juu ya sanduku namba yoyote anayoipenda, na neno "lumeni" peke yake. Fundi akapima ukutani kwangu mara tisa, akapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya bahasha, akanionyesha. Zilikuwa lumeni 140. Juu ya sanduku: 9,000.

Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa kiwanja chenye mwenyewe. Fundi hakukasirika. Akauliza, "Papa, kwa nini picha ni kubwa hivi?" Nikasema, kwa sababu inaweza kuwa kubwa. Akatingisha kichwa. Mwanga, akanieleza, ni kama ugali katika sahani: ukiongeza walaji, ugali hauongezeki. Picha ya upana wa mita tatu ina eneo la karibu mita tano za mraba. Ukiisogeza projekta mbele mpaka upana uwe mita mbili, eneo linashuka hadi mita mbili na robo. Mwanga ni ule ule, lakini kila sehemu ya ukuta sasa inapata zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyelipa franka moja. Tukaisogeza meza mbele, na kweli, nyuso zikaanza kutoka katika unga.

Kisha akatazama ukuta. Ulikuwa wa rangi ya kijani hafifu, wenye nyufa, na kwenye sehemu moja watoto walikuwa wameandika hesabu kwa chaki. Projekta haina rangi nyeupe yake yenyewe ya kuweka juu ya ukuta wa kijani. Hutuma mwanga, na ukuta ndio unaoamua nini kirudi machoni. Na kuhusu weusi alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri katika miaka yangu yote ya kufundisha. Hakuna projekta duniani inayoweza kutuma giza. Weusi unaouona katika filamu ni ukuta usiopigwa na mwanga, basi. Kwa hiyo kama ukuta wenyewe unaangazwa na kitu kingine, weusi wako utakuwa kijivu, hata ungenunua chombo cha dola 2,000. Akanionyesha dirisha letu, ambalo taa ya duka la jirani huingia humo usiku kucha, na upenyo chini ya mlango wa ukumbi.

Nilitumia dola 27. Nilinunua bamba moja la tripleksi, lenye urefu wa mita 2 na sentimita 44 na kimo cha mita 1 na sentimita 22, ukubwa ambao maseremala wote wanaujua, nalo linatosha vizuri picha ya upana wa mita mbili. Nikalisugua kwa msasa, nikalipaka rangi nyeupe isiyong'aa mara mbili. Nawasihi msikubali ile inayong'aa, hata muuzaji akisema ni nzuri zaidi, kwa maana inarudisha mwanga kama kioo na mtaona doa jeupe katikati ya picha. Kando zote nne nilizungushia ukanda wa kitambaa cheusi. Dirishani mke wangu alishona pazia la kitambaa kizito cheusi, lenye pindo pana kuliko dirisha lenyewe. Chini ya mlango tuliweka shuka kuukuu lililokunjwa.

Chombo kilikuwa kile kile cha dola 85. Lakini wapwa zangu, ambao hawakuwepo siku za kazi, walidhani nimenunua kipya. Ninaliandika hili polepole kwa sababu ndilo wengi wenu mtakalolipita haraka, mkikimbilia habari za kununua.

Septemba tukaweka mabati.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya kwamba rangi na pazia vilitosha. Lumeni 140 ni chache. Katika filamu zenye matukio ya usiku bado tulikuwa tukikisia. Kisha kuna jambo la nukta. Picha ya projekta imejengwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na kwenye sanduku langu kulikuwa kumeandikwa 1080p. Fundi alipotafuta habari za chombo kile, alikuta kwamba nukta zake halisi ni 800 kwa 480. Maana ya maandishi yale ni kwamba chombo kinakubali kupokea filamu ya nukta 1,920 kwa 1,080, kisha kinaikandamiza ipite katika mlango wake mdogo. Hakuna uongo wa wazi hapo, ila kuna ukweli uliovaa nguo za mtu mwingine. Mkiwa dukani, ulizeni hivi: nukta zake za asili ni ngapi? Muuzaji akianza kuwajibu kwa habari za nukta inazozikubali, mmeshapata jibu.

Kwa mwaka mmoja niliweka kando fedha za masomo ya jioni ninayowapa watoto wa jirani, na Juni iliyofuata nilikuwa na dola 190. Mke wangu alizihesabu mwenyewe, akasema, "Sasa nenda. Lakini usiende peke yako." Nikaenda na yule fundi.

Kwa fedha hizo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni vyombo vipya vidogo vyenye taa za LED, ambavyo vimefanana na kile changu na vimejaa madukani. Si vyote vibaya. Vipo vinavyoandikwa lumeni za ANSI kwa uaminifu na kuwa na nukta 1,920 za asili, na taa yao hudumu miaka mingi bila kubadilishwa. Lakini vile vya kuaminika vilizidi mfuko wangu. Njia ya pili ni projekta za ofisi na za vyuo zilizokwisha kutumika, zinazoletwa na wafanyabiashara kupitia Kasumbalesa. Ni nzito, hazina sura nzuri, feni yake inavuma, lakini zilijengwa ili watu waone maandishi mchana katika chumba chenye madirisha, na lumeni zake huwa ni za kweli. Tukachagua njia ya pili.

Katika duka la kwanza nilipenda chombo kimoja kizuri sana, cha nukta 1,920 kwa 1,080, kwa dola 140. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Fundi akauliza bei ya taa yake. Muuzaji akasema taa bado ni nzima. Fundi akarudia swali. Ikabainika kwamba taa ya chombo kile haipatikani mjini, na kuiagiza kungegharimu zaidi ya chombo chenyewe. Projekta nyingi za namna hii hutumia taa ya zebaki yenye mgandamizo mkubwa. Hudumu saa elfu tatu, nne, au tano kufuatana na aina na matumizi, na hata kabla ya kufa huwa inafifia. Mwisho wa maisha yake huwa imebaki na nusu ya mwanga wake wa awali. Anayenunua projekta ya mtumba bila kujua bei ya taa amenunua nusu ya kitu. Nilitoka pale nikimtazama yule fundi kama mtu aliyenishika bega ukingoni mwa mtaro.

Katika duka la pili muuzaji alikataa tuwashe chombo zaidi ya dakika tano. Tukaondoka.

Duka la tatu lilikuwa chumba kidogo nyuma ya soko, na mwenyewe alituambia, "Papa, kaeni, iwasheni mpaka mchoke." Hapo nilijifunza namna ya kupima. Tuliweka picha nyeupe tupu, tukatazama kama kuna madoa ya manjano au ya buluu, maana katika projekta za LCD vipande vya ndani huungua kwa joto na kuacha madoa yasiyofutika. Katika projekta za DLP, zinazotumia vioo vidogo sana, ubovu huonekana kama nyota nyeupe zilizotawanyika penye giza. Kisha tukaweka picha nyeusi, kisha maandishi madogo, tukasoma pembe zote nne. Tuliiacha ikiwaka nusu saa ili ipate joto, tukisikiliza feni. Tukafungua orodha ya ndani na kutazama saa za taa: 1,240. Saa hizo zinaweza kurudishwa sifuri na mtu mwenye hila, kwa hiyo fundi hakuzitegemea peke yake. Akatoa kipimo chake cha mwanga.

Ilikuwa projekta ya LCD, ya nukta 1,280 kwa 800, iliyoandikwa lumeni 3,000 ilipokuwa mpya. Kipimo kikasema 1,300. Muuzaji akaona haya. Lakini fundi akatoa kichujio cha hewa ubavuni, kikiwa kimeziba kwa vumbi jekundu kama blanketi, akakipuliza nje, akafuta lenzi kwa kitambaa laini, akapima tena: 1,600. Tukapatana kwa dola 125, na taa ya akiba, muuzaji alituandikia kwa karatasi, angetuletea kwa dola 45 siku tutakapoihitaji. Dola 25 nilizitumia kwa stabilizata, kwa kuwa sikutaka kuungua mara mbili. Dola 15 kwa spika kuukuu lakini nzima. Spika hiyo tumeiweka chini ya picha, si nyuma ya watazamaji, ili sauti itoke mahali sura zilipo. Sauti ya ndani ya projekta ni kama ya mtu anayezungumza ndani ya ndoo. Ikabaki dola 25. Nilizirudisha kwenye kopo mbele ya mke wangu, kwa maringo kidogo, nakiri.

Nyumbani niliiweka juu ya kibao nilichokipigilia misumari ukutani, sawasawa na katikati ya picha kwa upana, ikitazama mbele bila kuinama. Katika vyombo hivi kuna sehemu ya kunyoosha picha iliyopinda, na watu huipenda kwa sababu ya uvivu, ila kila unapoitumia unatupa sehemu ya nukta ulizozilipia. Tena taa nimeiweka katika hali ya kubana matumizi. Mwanga hupungua, lakini kwa picha ya mita mbili katika chumba chenye giza bado ni mwingi mno, na taa itaishi zaidi.

Jioni ile niliweka video ya arusi. Nilikuwa nimengoja zaidi ya mwaka mmoja. Na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba picha ilikuwa mbaya.

Ilikuwa na mwanga, ndiyo, na rangi za vitenge zilirudi. Lakini nyuso zilikuwa mabaka mabaka, kingo zimechanika. Nilimtazama fundi. Akasema kwa upole kwamba kaseti za VHS, ambazo Wajapani walianza kuziuza mwaka 1976, zilibeba undani wa mistari karibu 240 tu. Kile ambacho kamera haikukiandika siku ile ya 1996, hakuna chombo kitakachokiumba leo. Projekta nzuri huonyesha kilichopo, pamoja na ubovu uliopo. Nilihisi kama mtoto aliyeambiwa kwamba mtihani aliousomea si huo.

Ni mwanangu wa pili aliyesema, "Papa, tuifanye ndogo." Tukaipunguza. Si mita mbili tena. Mita moja na nusu, ya mraba-mraba kama zilivyokuwa picha za wakati ule, katikati ya bamba jeupe. Kadiri ilivyopungua, yale mabaka yalijikusanya na kuwa nyuso. Kiti cha mama tukakisogeza mbele, hatua tatu kutoka kwenye picha, upande wa jicho lake zima.

Arusi ikaanza upya. Wageni wakapita. Mama alikuwa kimya, na mimi sikumwuliza kitu safari hii. Baba akatokea upande wa kushoto akiwa amebeba kiti, akakiweka, akaketi, akavuka mguu.

"Tai yake imekwenda upande," mama akasema.

Hakuna aliyejibu. Kwa kweli, miaka yote ile hata mimi sikuwa nimeiona.

"Nilikuwa nimekaa karibu naye," akaendelea. "Yule mwenye kitenge cha kijani si ni mimi? Nilikuwa nimekaa pale pale, na sikuiona. Siku nzima alitembea hivyo mbele ya wakwe." Akacheka, kwanza kidogo, kisha akacheka hadi akashika mbavu, na binti yangu naye akaanza, na sote. Akaomba tuirudishe mahali anapobeba kiti. Tukairudisha mara nne. Mara ya tano umeme ukakatika, na mimi nikaruka kwenda kugusa chombo, nikihofia taa, maana haipendi kuzimwa ghafla ikiwa bado na joto. Mke wangu akaniambia gizani niiache, itapoa yenyewe.

Wale watatu waliokuja bado hawajanunua. Wana dola 95, na nimewaambia kwamba bamba la tripleksi wanaweza kulinunua hata wiki hii, na kuazima chombo changu cha zamani, kile cha lumeni 140, kwa muda wanaoutaka. Sanduku lake pia watapewa.